Ninavyomaliza chemsha bongo ya gazeti: kutoka chumba tupu hadi neno

Kabla ya kusoma kidokezo hata kimoja, huwa natazama jedwali lenyewe. Tangu Arthur Wynne alipochapisha fumbo lake la maneno yanayokatizana katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, zimezuka njia mbili kuu za kupanga vyumba. Magazeti ya Marekani kwa kawaida hutumia jedwali la vyumba 15 kwa 15, na kila herufi humo ni ya maneno mawili, moja la mlalo na moja la wima. Waingereza huvipishanisha vyumba vyeusi na vyeupe, hivyo takriban nusu tu ya herufi za neno ndizo zinazokatizwa na maneno mengine. Chemsha bongo nyingi za Kiswahili ninazojaza ni za mtindo huu wa pili, na hilo lina uzito kwetu kuliko kwa Mwingereza, kwa sababu silabi zetu nyingi ni konsonanti moja na irabu moja. Neno la herufi sita likikatizwa kwenye chumba cha 1, 3 na 5, mara nyingi unapata konsonanti tupu. Likikatizwa kwenye 2, 4 na 6, unapata irabu tupu.

Irabu tupu hazisaidii sana. Ukiwa na -A-A-A, bado una BARAKA, HARAKA, SADAKA, TALAKA, NAFAKA na SALAMA. Konsonanti zina nguvu zaidi: K-V-L- na kidokezo kinachotaja jua au mti, hapo ni KIVULI. Lakini nguvu hiyo hupotea ghafla kwenye maneno yenye asili ya Kiarabu, kwa kuwa huko maneno ya mzizi mmoja hushiriki konsonanti zilezile. H-K-M- inaweza kuwa HAKIMU, HEKIMA au HUKUMU. K-T-B- ni KITABU, KATIBU au KATIBA. S-F-R- inakubali SAFARI, SAFIRI na hata SIFURI. Yote ni ya herufi sita. Kidokezo kama "Jambo la mahakamani" hakitoshi kukata shauri kati ya HAKIMU na HUKUMU, kwa hiyo naandika konsonanti peke yake na kuziacha irabu wazi hadi neno jingine lipite pale. Hili ndilo ambalo ningependa kila anayejaza alishike mapema, maana kosa moja la irabu hapa huharibu kona nzima.

Vidokezo ninavyovishughulikia kwanza ni vya methali zenye pengo. Havina ubishi. "Samaki mkunje angali ___" ni MBICHI, "Mtaka cha mvunguni sharti ___" ni AINAME, "Mgeni njoo, ___ apone" ni MWENYEJI, na huyo wa mwisho anakupa herufi nane kwa mkupuo. Baada ya hapo nakwenda kwenye msamiati ambao wengi wetu tulifundishwa darasani: watoto wa wanyama (NDAMA wa ng'ombe, SHIBLI wa simba, JANA wa nyuki) na nomino za makundi (BUMBA la nyuki, THUREA ya nyota). Watungaji wanaupenda mno msamiati huu. JANA hupendwa zaidi, kwa kuwa msomaji anafikiria siku iliyopita wakati kidokezo kinazungumzia mzinga.

Kisha sarufi inaanza kufanya kazi. Kidokezo na jibu huwa vya umbo moja: kidokezo kikiwa cha wingi, jibu ni la wingi, kikianza na KU, jibu nalo ni kitenzi chenye KU. Kwa watu, naandika W kwenye chumba cha kwanza, kwa herufi ndogo pembeni. Siandiki WA, kwa sababu wapo WEZI na WENYEJI. Kwa wingi wa KI- naandika V peke yake, maana VYOMBO na VYAKULA havina I. Wingi wa JI- hudanganya kidogo: jicho ni MACHO lakini jino ni MENO na jiko ni MEKO. Nomino za U- ndizo ngumu kuliko zote, kwani huenda herufi ikadondoka au ikaongezeka: ufunguo huwa FUNGUO, uso huwa NYUSO, wimbo huwa NYIMBO.

Mwisho wa neno una faida yake pia. Karibu kila neno letu huishia kwa irabu, na vitenzi vya asili huishia kwa A. Naijaza A hiyo kwa wepesi wa mkono, nikikumbuka RUDI, JIBU, SAHAU, SAMEHE na JARIBU. Kidokezo kikiomba tendo la kusababisha, jibu mara nyingi huishia na SHA au ZA, na irabu iliyotangulia SHA hufuata mzizi: mzizi wenye E au O hutoa ESHA, kama SOMESHA na CHEKESHA, wenye A, I au U hutoa ISHA, kama KATISHA na RUDISHA. Hapo una herufi nne za mwisho hata kabla ya kulijua neno.

Upo pia ulinzi wa bure. C lazima ifuatwe na H, na kila moja hukaa chumba chake. Q na X hazimo. Ritifaa huachwa, kwa hiyo NGOMBE anachukua vyumba sita. Konsonanti ikifuatwa na D au B mwanzoni mwa neno, chumba cha kwanza karibu kila mara ni N au M. Mfuatano kama BD, SK, ST au KT unawezekana katika LABDA, ASKARI, BUSTANI na DAKTARI, maneno tuliyoyapokea kutoka lugha nyingine, lakini nikiona VT au GP najua moja ya maneno mawili yanayokutana hapo si sahihi. Nalifuta lile linalokatizwa mara chache zaidi, hata kama ndilo nililolipenda.

Maneno mafupi ndiyo yanayokwamisha kuliko marefu. Samaki mpana mwenye mkia mrefu ni TAA, kiumbe wa majini mwenye magando ni KAA, swala mdogo ni PAA. Kisha TAA huangaza, KAA ni kuketi au kipande cha makaa, PAA hufunika nyumba. Ukishapata -AA, hujapata kitu. Tabia hiyohiyo imo kwenye miji mikuu ya Afrika: KIGALI, DODOMA, LUSAKA, MAPUTO, HARARE, MORONI, ASMARA, BAMAKO na GITEGA yote ina herufi sita. Kwa Burundi, hesabu vyumba kwanza, kwani fumbo la zamani litataka BUJUMBURA, tisa. Anayetibu wagonjwa akiwa na vyumba saba ni DAKTARI. Akiwa na sita, ama TABIBU ama MGANGA, na herufi ya mwisho ndiyo inayoamua. Hesabu ya vyumba pia hukuambia mtungaji anaandika Kiswahili cha wapi: nane ni KOMPYUTA, kumi na moja ni TARAKILISHI ya Kenya.

Kuhusu kifaa, natumia penseli ya 2B. Karatasi ya gazeti hunyonya wino, na kalamu ya jeli husambaa hadi chumba cha jirani. Penseli ngumu nayo huchana karatasi unapofuta. Gazeti likunjwe mara mbili na kuwekwa juu ya kitu kigumu.

Nikikwama, naanza kona nyingine badala ya kulitazama pengo lilelile. Kamusi naifungua mwisho, nikitafuta nomino kwa umoja na kitenzi kwa shina lake bila KU, maana ndivyo kamusi zetu zilivyopangwa. Jibu likitoka katika toleo linalofuata, naandika kwenye daftari neno lililonishinda pamoja na kidokezo chake kama kilivyo. UA, OA, UFA na UZI hurudi mara kwa mara kwa sababu huziba nafasi finyu, na kidokezo chake mara nyingi hurudi kilekile.