NixOS niliichagua kwa sababu ya bando, sio sifa zake

Ukiuliza uchukue ipi kati ya hizi distro mpya (yaani aina za Linux) zenye utaratibu wao wa ajabu wa kuweka programu, kama NixOS, Silverblue na Guix, kila mtu anakumwagia sifa: hii haiharibiki, ile unarudi nyuma ukivuruga. Hakuna anayekuuliza unalipia intaneti vipi. Mimi ni mtu wa hotspoti ya simu na laptopu ya mtumba, SSD GB 128, na washauri wangu wote wana faiba nyumbani, ndo maana.

Silverblue ya Fedora imetulia, siikandii. Ila ukiweka kitu kwa rpm-ostree, amri yake ya kuweka programu, kwa kawaida mpaka uzime uwashe ndo ukione, na programu nyingine wanataka uchukue Flatpak, vifurushi vinavyokuja na vitegemezi vyake, sasa kaprogramu ka MB chache kanakokota mizigo ya mamia ya MB. Bando la kama elfu kumi likayeyuka hivihivi.

Jamaa mmoja akanikazania Guix, ndo ya wajuzi. Hakutaja kwamba kerneli yake, yaani kiini cha mfumo, ni linux-libre, imenyofolewa firmware (programu ndogo za kuendesha vifaa) zote zisizo huru, kwa hiyo kadi yangu ya waifai ya Intel ikawa pambo, waifai hamna. Nikachomeka simu kwa waya wa USB, nikawasha tethering, ikashika! Hapo nilijiona fundi. Furaha ikaishia kwenye guix pull, amri ya kusasisha Guix, feni inaunguruma kama mashine ya kusaga, chai imekwisha, ugali umeiva, yenyewe bado inakokotoa.

Nikaishia NixOS, Linux iliyojengwa juu ya Nix, kiweka-programu. Nix yenyewe imetoka Uholanzi, kwenye tasnifu ya Eelco Dolstra ya 2006. Kila kifurushi kinakaa /nix/store kwenye folda yenye msimbo unaotokana na vyote vilivyotumika kukijenga. Wengine wanaona usalama hapo, mimi nikaona bando: kama msimbo ni uleule, kilichopakuliwa kazini ndo kilekile cha nyumbani, nakilipia mara mbili ya nini?

Basi mashine ya kazini ni Ubuntu, Nix inakaa juu yake bila shida. Najenga mfumo mzima wa laptopu yangu kule, halafu naukopi kwa nix copy --to file:// kwenda kwenye fleshi, jioni nyumbani nix copy --from na --no-check-sigs, maana ulichojenga mwenyewe hakina saini. Muhimu ubebe na flake.lock ileile, faili linaloshikilia matoleo kamili ya vyanzo, ikipishana kidogo tu misimbo inabadilika na laptopu inaanza kupakua dunia nzima upya. Na ukiona inakopi kwa mwendo wa konokono ongeza ?compression=zstd mwishoni mwa anwani, xz, mbinu ya kubana mafaili inayokuja nayo, itakulaza. Nikapiga nixos-rebuild switch, amri ya kuhamia mfumo mpya, ikachukua chanzo cha nixpkgs (mkusanyiko wa maelekezo ya vifurushi vya Nix) tu, makumi ya MB, basi. LibreOffice, Firefox, kila kitu kipo.

Usidanganywe kwamba ni mteremko lakini. Programu uliyopakua tu mtandaoni haifunguki mpaka uwashe nix-ld, kisaidizi cha kuendesha programu za nje ya Nix, na vitu vya pip, kiweka-programu cha Python, vinasumbua vilevile. Diski nayo inajaa, na ukikimbilia nix-collect-garbage -d, amri ya kufuta visivyotumika, ujue umefuta na matoleo yote ya zamani ya kurudia, kwa hiyo mimi natumia --delete-older-than 14d, na siigusi kabla sijawasha toleo jipya nikaona hadi sauti inatoka.