Mtoto wa plastiki asiyelia

Wanafunzi wa ukunga wakimwona NeoNatalie kwa mara ya kwanza hucheka. Ni mwanasesere anayejazwa maji ya uvuguvugu ili awe na uzito wa kichanga. Mwalimu akibinya kipira, kitovu kinapiga, akibinya kingine, mtoto analia. Sura yake haina mvuto wowote. Laerdal ya Norway, inayomtengeneza, iliwahi kutengeneza midoli ya watoto, kwa hiyo sidhani kwamba urembo uliwashinda.

Leo mimi na mwenzangu tulikuwa tunapanga zoezi la wiki ijayo. Yeye anatamani mwanasesere wa bei mbaya anayebadilika rangi. Mimi sioni haja. Hatua zote mkunga mpya anazo kichwani: mkaushe mtoto, msugue mgongo, asipopumua mkate kitovu, uanze kumpa hewa kwa ambu, mfuko wa kubinya wenye barakoa, kabla Dakika ya Dhahabu, yaani dakika ya kwanza tangu azaliwe, haijaisha. Kinachomshinda leba ni kuacha kusugua. Anasugua, anafyonza kamasi, anasugua tena akingoja kilio, na muda unakwenda. Zoezi limtege hapo hapo.

Basi tutaweka barakoa mbili za ambu, moja kubwa mno kwa kichanga. Saa hatutamtajia. Atakayevaa MamaNatalie, lile tumbo la bandia lenye damu ya uongo, kazi yake ni kuuliza tu, "Sista, mbona mwanangu halii?" Nimeona mikono ikitetemeka kwa swali hilo.

Kipira nacho kinataka mtu mgumu. Walimu tuna huruma. Mwanafunzi akitokwa jasho, mtoto analizwa hata kama kifua hakijainuka. Hapo umemfundisha kungoja.

Utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha kuwa baada ya mafunzo ya Helping Babies Breathe, ya kuwasaidia vichanga wasiopumua, katika hospitali 8 za Tanzania, vifo vya vichanga ndani ya saa 24 vilipungua kwa asilimia 47. Lakini katika hospitali ya Haydom, Tanzania hiyo hiyo, kozi hiyo ya siku moja peke yake iliwapandisha wahudumu alama kwenye mwanasesere, leba wakaendelea vile vile. Mambo yalibadilika walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale wodini.

Tulichobishania sana ni kama mtoto afe. Mwenzangu anasema watavunjika moyo. Tumekubaliana kwamba kwa mwaka wa kwanza mapigo yashuke, yasikome, kisha tuzungumze na kurudia papo hapo. Mwaka wa tatu, kipira nitakishika mwenyewe.