Mteja ananisikia, mimi simsikii

Simu iliita, nikapokea. "Haloo?" Kimya. "Haloo?" Kimya tena, nikakata. Baada ya dakika chache ikaja barua pepe ya mteja: "Nimekusikia ukiniita haloo, nikajibu, mbona ukakata?"

Niliona aibu sana. Wiki moja tu ilikuwa imepita tangu nisimike Asterisk, programu ya kuendesha mtambo wa simu za ofisi, kwenye kompyuta kuukuu, na ofisi nzima ilikuwa inategemea kazi ya mikono yangu. Mtambo wa zamani tuliouondoa ulikuwa sanduku lililofungwa. Ukigoma, unamwita fundi wa waliouuza, unangoja, unalipa, na alichokifanya humo ndani hukijui. Mark Spencer alianza kuiandika Asterisk mwaka 1999 kwa sababu kampuni yake changa ilihitaji mtambo wa simu na bei ya iliyokuwepo sokoni haikushikika. Akaunda wake, kisha akauachia umma msimbo wake. Namshukuru kwa dhati.

Kwa sababu hiyo jioni ile sikumwita mtu. Niliwasha kumbukumbu za SIP, lugha ambayo mitambo ya simu za mtandao huongea, nikapiga simu ya majaribio, nikaanza kusoma mstari kwa mstari. SIP kazi yake ni kupanga tu: nani anampigia nani, na sauti ipelekwe wapi. Sauti yenyewe hupita njia nyingine, RTP, ikiwa imekatwakatwa vipande. Kwa mipangilio yangu kila kipande ni milisekunde 20, yaani pakiti 50 kwa sekunde kila upande. Nikafika hapa:

c=IN IP4 192.168.1.20

Nikasimama. Hiyo ni anwani ya ndani, nje ya ruta yetu haifiki popote. Seva yangu ilikuwa inamwelekeza mtoa huduma wa simu atume sauti ya mteja mahali asipoweza kufika, huku sauti yangu ikitoka bila shida. Kosa lilikuwa langu, wala si la programu: sikuijulisha anwani yetu ya nje.

Nikaandika anwani yetu ya nje (external_media_address) na mtandao wetu wa ndani (local_net) kwenye pjsip.conf, faili la mipangilio ya Asterisk, nikafungua kwenye ruta milango ya UDP 10000 hadi 20000 ambayo sauti hupitia, nikawasha upya.

Asubuhi nikampigia mteja yule mwenyewe. Kabla hajasema neno, nilimsikia akikohoa.