Bibi wa miaka 61 na dawa ya kutafuta mtoto

Kijana wa duka la dawa aliisoma karatasi yangu, akanitazama, akaisoma tena. "Mama, hii ni ya binti yako?" Nikamwambia ni yangu. Akainamia kaunta, akashusha sauti: "Hizi letrozoli wanapewa wanaotafuta mtoto, mama." Nyuma yangu foleni ya watu wanne, mmoja wao jirani yangu wa hapa Tandika, masikio yake kama antena. Nilipofika nyumbani mtaa mzima ulishanizalisha.

Kijana hakukosea sana, maana dawa ni hiyohiyo. Wanaotafuta mtoto hunywa siku tano za kila mzunguko basi. Mimi nakunywa kila siku ya Mungu, kidonge kimoja cha miligramu 2.5, na huu ni mwaka wa tatu. Kazi yake ni kuuzuia mwili usitengeneze estrojeni. Nilidhani mambo hayo yaliisha nilipokoma hedhi, kumbe mafuta ya mwilini bado yanaitengeneza kimyakimya, na uvimbe wangu wa kansa unaifuata kama nzi na embe bivu.

Yangu ni kansa ya ovari, aina ile inayokua polepole. Walinifungua, wakakuta imeng'ang'ania utumbo na kutapakaa kwenye utando wa tumbo, wakanishona bila kutoa kitu zaidi ya kipande cha kupima. Dripu za kemo nilimaliza 6, moja kila wiki 3. Nywele zilikwenda, uvimbe ukabaki. Aina hii ya polepole huwa na kiburi kwa kemo. Ndipo daktari akataka kile kipande kipimwe vipokezi vya homoni, yaani kama uvimbe una mahali pa kuidakia estrojeni. Kipande chenyewe kiko ndani ya nta, kidogo kama kasabuni ka gesti, na aliyekihamisha kutoka maabara moja hadi nyingine ni mimi mwenyewe, mwezi wa pili, ndani ya daladala, pochi nimeinyanyua juu nikiogopa nta isiyeyuke. Majibu yakaja vipokezi vipo, ndipo nikaandikiwa letrozoli.

Kilichoniudhi kuliko ugonjwa ni "kidonge kimoja tu?" Kila aliyekuja kuniona alisema hivyo, kana kwamba nimepunjwa. Wifi yangu akatoka Tanga na unga wa mizizi wa "kurudisha homoni za ujana". Nilipomwonyesha muuguzi kliniki alicheka mpaka akakaa. "Mama, sisi tunazima taa, wewe unawasha?" Unga niliumwaga kwenye mchicha. Na wewe unayetumia dawa hizi, chochote utakachopewa kwenye kopo lisilo na maandishi kiulizie kwanza.

Sasa lile joto. Hakuna aliyenieleza joto la dawa hii likikutana na Januari ya Dar linakuwaje. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni, masikio yanawaka, halafu jasho kama umemwagiwa ndoo. Usiku mara tano, sita. Shoga yangu mmoja akanishauri nilale chini kwenye sakafu ya saruji, nijifunike khanga iliyoloweshwa maji, feni namba tatu. Nikafanya hivyohivyo. Saa za kwanza niliona nimefika peponi. Alfajiri wifi akaja kuniamsha kwa swala, akakuta mtu amenyooka sakafuni, khanga imemfunika hadi usoni, amekuwa baridi kama samaki wa Feri. Innalillahi aliyoipiga iliamsha nyumba tatu! Nikashtuka, nikainuka na khanga yangu usoni, naye akazidi kupiga kelele. Mafua niliyopata yalinikaa wiki mbili, na wajukuu mpaka leo wakiniudhi wananiita maiti.

Nauza barafu za ubuyu, friji kubwa liko barazani. Siku moja joto limenipanda huku nahudumia watoto, nikazamisha mkono mpaka begani nijifanye natafuta barafu ya chini. Likashuka! Nikatulia humo mpaka mtoto mmoja akauliza, "Bibi, umenasa?" Usiku ule nikagandisha chupa ya maji ya nusu lita, nikaiviringisha kwenye kipande cha khanga kuukuu, nikalala nayo. Joto likianza naiweka chini ya kisogo, halafu naibana kwapani. Umeme ukikatika, feni inakufa, chupa yangu bado ina barafu mpaka karibu na adhana. Nina chupa tatu za zamu sasa. Khanga usiisahau, ukiibandika barafu tupu inachoma ngozi.

Vidole ndiyo kesi nyingine. Asubuhi haviinami, kijiko kinanishinda. Naviloweka kwenye beseni la maji ya vuguvugu, halafu nasonga unga wa chapati, hata siku ambayo hakuna wa kula chapati. Miguu inataka kutembezwa, basi natembea mpaka sokoni na kurudi. Dawa hii inakausha mifupa, kwa hiyo nina vidonge vya kalsiamu na vitamini D, dagaa nawatafuna na vichwa vyao, na kile kizulia cha bafuni kilichokuwa kinateleza nimekitupa.

Gharama sijaziandika. Mwezi ambao bima inakubali nashukuru, ikigoma namsumbua kijana wangu wa Mbagala. Vipimo ndivyo vinavyokula pesa kuliko dawa.

Kwenye shughuli watu huniuliza, "Umepona?" Sijapona. Kila miezi mitatu natoa damu ya kupima CA-125, protini inayopanda uvimbe ukichachamaa, ambayo inatakiwa iwe chini ya 35. Mimi nilianza na mia nne na kitu, sasa inachezea hamsini, mara hamsini na tano, na siku hizo za kusubiri majibu silali hata na chupa zote tatu. Picha ya CT inaonyesha uvimbe uleule, haujaondoka, haujaongezeka. Ni mpangaji sugu, ila chumba cha pili sijampa. Daktari anasema siku dawa ikichoka ipo nyingine ya kujaribu. Maji yaliyokuwa yamenijaa tumboni hayajarudi, gauni zangu za zamani zinanienea.

Juzi nimekwenda kuchukua za mwezi huu. Kijana akaniona tangu mlangoni, akazitoa kabla sijafungua pochi. "Shikamoo bibi. Huyu wa ngapi sasa?"

"Marahaba. Mapacha hawa, niongezee na kalsiamu." Na jirani yangu alikuwepo.