Machi ya Maine: koti lisiende kabatini bado

Kila mwaka ikifika mwisho wa Februari simu yangu haitulii. "Dada, baridi inaisha lini?" Wanaouliza zaidi ni waliofika hapa Portland, jimbo la Maine, Marekani, kiangazi kilichopita, waliopita Desemba na Januari wakiwa wameuma meno, na sasa kazini wameambiwa majira ya machipuko yanaanza. Ni kweli. Wataalamu wa hali ya hewa huyahesabu kuanzia tarehe 1 Machi, na kalenda ya ukutani hungoja hadi tarehe 20 hivi, mchana na usiku vinapolingana. Ngazi za nyuma za nyumba yangu hazina habari hizo. Bado zina barafu ya kumvunja mtu nyonga.

Nahudumia wazee majumbani mwao, leo South Portland, kesho Scarborough, na mara nyingi niko barabarani kabla ya jua kutoka. Kwa hiyo hali ya hewa naifuatilia kwa sababu ya mshahara, si kwa kupenda. Naandika haya ili nisijibu swali lile lile kwa sauti kwenye kila simu.

Tuanze na ile ramani ya utabiri wa msimu ambayo watu wanasambaziana. Utabiri wa kila siku na tahadhari za pwani yetu vinatoka ofisi ya Idara ya Hali ya Hewa ya Taifa iliyoko Gray, mji mdogo kaskazini mwa Portland. Mwelekeo wa msimu unatoka kwingine, kituo chao cha utabiri wa muda mrefu kule Maryland, na ule wa miezi mitatu hutolewa kila Alhamisi ya tatu ya mwezi. Miaka hii Maine hupakwa rangi ya chungwa mara nyingi: joto juu ya wastani. Mtu anaona rangi, anakunja makoti ya watoto na kuyasukuma chini ya kitanda.

Sasa isome ramani yenyewe. Kuna uwezekano wa aina tatu: juu ya wastani, karibu na wastani, chini ya wastani. Pasipo dalili yoyote kila mmoja unapewa theluthi. Ramani ikikupa asilimia 45 ya joto, asilimia 55 zimebaki upande wa pili. Halafu hiyo ni hesabu ya Machi, Aprili na Mei kwa pamoja. Mei ikiwa ya joto sana inaweza kuubeba msimu mzima, na Machi yako ikawa ya theluji mwanzo mwisho.

Na wastani wenyewe ni upi? Ni wa miaka ya 1991 hadi 2020, wa hapa hapa. Mchana wa Machi Portland hufika nyuzi joto 5 au 6 (redio itasema 42, maana huku wanahesabu kwa Farenhaiti), na usiku hushuka chini ya sifuri. Theluji ya mwezi huo peke yake ni kama sentimita 30. Ikiwa joto litazidi wastani kwa nyuzi moja, basi mchana ni 7. Mtu wa Uvira, Kongo, akisikia "joto juu ya wastani" anafikiria Uvira. Mimi nimekulia kambini Nyarugusu, Kigoma, na sijawahi kuona siku ya nyuzi 7 kule, hata alfajiri.

Wengine wananiuliza kuhusu El Niño, kwa sababu nyumbani jina hilo lina uzito: mafuriko ya 1997 hayajasahaulika, na ndugu yake La Niña hujulikana kwa kukausha mvua za vuli. Huku mkono wa El Niño upo, lakini ikifika Machi unakuwa dhaifu. Kinachotuamulia zaidi ni jinsi mgandamizo wa hewa unavyojipanga juu ya Atlantiki ya Kaskazini, karibu na Greenland na Iceland, na hilo halionekani vizuri zaidi ya wiki mbili mbele. Ndiyo maana ramani ya msimu naipitia mara moja na kuiacha. Ninayoifungua kila asubuhi ni ile ya siku nane hadi kumi na nne.

Lakini ukitaka kujua kwa nini pwani yetu inachelewa, angalia baharini. Ghuba ya Maine hufikia ubaridi wake wa mwisho kati ya Februari na Machi, maji yakiwa nyuzi 4 hivi. Nchi kavu inapata jua na kuanza kupata moto, hewa yake inapanda juu, na hewa ya baharini inaingia kuziba nafasi. Aprili unaweza kutoka Lewiston mchana kuna nyuzi 15, watu wamekaa barazani na fulana, ukashuka Portland Commercial Street ukakuta 7 na upepo wa kukata masikio. Ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Ndugu zetu wa Lewiston hutucheka sana wakati huu. Julai tunawalipa.

Najua mtajibu kwamba bahari hii inapata joto kuliko nyingine zote. Watafiti wa Gulf of Maine Research Institute, ambao wako hapa hapa bandarini kwetu, walionyesha kwamba kati ya 2004 na 2013 Ghuba ya Maine ilipata joto kwa kasi kuliko asilimia 99 ya bahari za dunia. Wavuvi wa kambakochi wanalijua hilo kuliko mimi. Lakini maji yaliyopanda kwa nyuzi moja au mbili bado ni maji ya kuua mtu Machi, na upepo unaopita juu yake bado ni baridi.

Halafu kuna dhoruba. Rafiki yangu wa Mombasa husimulia jinsi kaskazi inavyoleta siku kavu na bahari ya kusafirika. Huku upepo wa upande huo huo, kaskazini-mashariki, ukianza kuvuma Machi, nenda ukanunue mkate na mishumaa. Dhoruba inapita pembeni ya pwani, inazunguka, na kuturudishia bahari usoni. Machi 2018 zilipiga nne ndani ya wiki tatu. Na msidhani Aprili ni salama: tarehe 3 na 4 Aprili 2024 ilianguka theluji ya majimaji, nzito, ikavunja matawi juu ya nyaya, na mamia ya maelfu ya nyumba Maine na New Hampshire zikakaa gizani.

Mzee mmoja niliyekuwa namhudumia, mvuvi wa zamani, hakuwa na haja na ramani. Alikuwa na jedwali la maji kujaa na kupwa limebandikwa kwenye friji. Dhoruba ikija maji yakiwa yamepwa, alisema, utalalamika upepo tu. Ikija na bamvua, yale maji ya kujaa kupita kiasi, hamisha gari. Mwaka huo, Januari 13, 2024, maji yalijaa Portland hadi futi 14.57, yakaivunja rekodi ya 1978, na vile vibanda vya zamani vya wavuvi kule Willard Beach vikachukuliwa vyote. Aliniomba nimpeleke aone mahali vilipokuwa. Tulikaa garini, hakushuka.

Dalili njema zipo, nisiwatishe tu. Mwanga unaongezeka karibu dakika tatu kila siku, hivyo mwezi mmoja unakupa saa moja na nusu. Wanaposogeza saa mbele kwa saa moja Jumapili ya pili ya Machi, asubuhi inarudi kuwa giza hadi karibu saa moja, jambo linaloniudhi mimi wa zamu ya alfajiri, lakini jioni unatoka kazini ukiona miti. Usiku wa kuganda na mchana wa kuyeyuka ndio unaofanya utomvu wa miti ya maple utiririke, na Jumapili ya nne ya Machi wakulima hufungua vibanda vyao watu wakaonje shira. Inachukua galoni kama 40 za utomvu kupata moja ya shira, usishangae bei. Wavalisheni watoto viatu vya mpira, kwa sababu matope ya barabara za ndani wakati huo ni ya masika kabisa.

Mambo ya nyumbani sasa. Tairi za misumari zinaruhusiwa hadi tarehe 30 Aprili, na mimi sizitoi mapema. Jiji likitangaza usiku wa kusafisha theluji, gari liwe limetoka barabarani kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, hata kama ni Machi na hata kama mchana kulikuwa na jua. Kulikomboa likishakokotwa ni pesa ya chakula cha wiki. Tanki la mafuta ya kupashia nyumba lipimeni kila wiki. Usiku wa Machi unayala bado, na ukiagiza siku ya dhoruba, kila mtu anaagiza.

Na bustani. Lengalenga (mchicha) haitaki udongo wa baridi, itaoza tu. Naotesha kwenye trei dirishani katikati ya Aprili, natoa nje mwisho wa Mei baada ya ile Jumatatu ya mapumziko, Memorial Day. Waliopo ndani zaidi, Lewiston na Augusta, msiwahi kabla ya hapo, umande wa kuganda kwenu unachelewa kuondoka kuliko kwetu pwani. Mbegu ninazo za kugawa, nzuri, za majani mapana. Mwenye mche wa matembele uliovuka Januari ukiwa hai anitafute tubadilishane.