Brashi za elfu thelathini na mbili na bibi harusi wa Mikindani

Saa 11 alfajiri

Adhana ya msikiti wa jirani ilinikuta nimeshaamka, nimekaa ukingoni mwa kitanda, nazipapasa brashi zangu mpya za kupambia maharusi, moja moja gizani. Ziko 12, mipini ya mbao yenye rangi nyeusi, nywele nyeupe zenye ncha za hudhurungi. Nilizifuata stendi ya Mtwara Alhamisi jioni zilipoteremshwa kwenye basi la Dar. Shilingi 32,000 pamoja na usafiri. Seti niliyokuwa nafanyia kazi niliinunua miaka miwili iliyopita kwa 140,000, nikailipa kwa awamu tatu.

Ijumaa usiku nilizifua. Brashi mpya haiendi kwenye uso wa mtu kabla ya kufuliwa, kwa sababu ina vumbi la kiwandani na vinyweleo vilivyokatika. Nilitumia shampuu ya watoto na maji ya vuguvugu, kichwa cha brashi kikiangalia chini muda wote, ili maji yasipande kwenye kile kibati kinachobana nywele. Ndani ya kibati kuna gundi, na gundi ikilowa kila mara huachia. Kisha nikazilaza mezani juu ya taulo, vichwa vikining'inia nje ya ukingo.

Zote zilikuwa kavu, isipokuwa ile nene ya kusugulia fondesheni, iliyokuwa bado na ubaridi katikati. Za zamani, kwa unyevunyevu wa pwani yetu, zilikuwa zinataka usiku na mchana mzima, na mara mbili zimewahi kunuka uvundo.

Nikazipanga kwenye mkoba. Nikaongeza na za zamani tano. Harusi ya mtu haina marudio, na sikuwa tayari kumfanyia majaribio bibi harusi bila akiba.

Saa 1 asubuhi

Binti ninayemfundisha kazi alibisha hodi, tukanywa chai kwa mihogo ya kuchemsha. Akafungua mkoba, akaona.

"Dada, kweli hizi ndizo tunazokwenda nazo kwa bibi harusi?"

Nikamwambia anyooshe mkono. Nikampitishia ile kubwa ya poda ndani ya kiwiko, kwenye ngozi laini, nikaisukuma kinyume, nikaizungusha kwa nguvu. Haikuchoma. Ulidondoka unywele mmoja tu. Akaichukua akajipitishia mwenyewe shavuni, akanyamaza.

Saa 2 kasoro

Bajaji hadi Mikindani. Kutoka mjini ni kama kilomita 10, barabara inaambaa na ghuba, na barazani kwa watu unaona magunia ya korosho. Msimu wa korosho ndio msimu wetu pia. Minada ikianza Oktoba, simu za harusi nazo zinaanza.

Binti akauliza jambo ambalo nilitamani aulize. Kwenye boksi pamechorwa sungura na maandishi kwamba bidhaa haikuhusisha ukatili kwa wanyama. "Kwani brashi nayo inajaribiwa kwa sungura?"

Nikamweleza ninavyoelewa. Kwa fondesheni na lipustiki, swali ni majaribio: je, waliweka kitu hicho kwenye jicho au ngozi ya mnyama ili waone kitamfanya nini? Umoja wa Ulaya ulikataza kuuza vipodozi vya namna hiyo, na katazo likakamilika 2013. Kwa brashi, swali kubwa ni hili: nywele hizi zimetoka kwa nani? Kuna brashi za nywele za mbuzi, za farasi, za kindi, na za mnyama wa jamii ya kicheche anayetoka Siberia. Mbuzi anaweza kunyolewa akaendelea kula majani. Kindi nywele zake ni za mkiani, na hakuna anayemkamata kindi, akamkata mkia, akamwachia aende zake. Nywele za kiwandani ni nailoni au poliesta, hakuna mnyama ndani yake.

Na sungura wa kwenye boksi? Kuna sungura anayeruka, alama ya Leaping Bunny, ambayo kampuni haiipati mpaka ikubali masharti na ukaguzi. Wa kwenye boksi langu si huyo. Ni mchoro tu, na mchoro kila mtu anaweza kuuchora. Ndiyo maana sikuununua mchoro, nilinunua neno "nailoni" lililoandikwa chini yake, na neno hilo lina namna ya kulipima.

Saa 3 asubuhi

Nyumba ilikuwa imejaa. Uani masufuria ya pilau, chumbani bibi harusi na shangazi zake. Alikuwa amesuguliwa singo siku kadhaa, ngozi inateleza, na liwa bado inanukia shingoni. Ngozi ya namna hiyo ni raha ya mpambaji.

Bibi yake mzaa baba alikaa kwenye mkeka karibu na dirisha. Tukampa shikamoo.

"Marahaba, wanangu. Hebu lete nione." Akainua mkono kuelekea brashi. Nikampa. Akazipitisha kwenye viganja vyake polepole. "Manyoya ya mnyama gani haya?"

"Si manyoya, bibi. Ni nailoni."

"Unajuaje?"

Hili swali nimeshaulizwa mara kadhaa Mtwara. Wateja wangu wengi ni Waislamu, na nywele za nguruwe zipo kwenye baadhi ya brashi, hasa za kuchania nyusi. Mama ana haki ya kujua kinachopita kwenye midomo ya mwanawe siku ya ndoa. Miaka miwili nimekuwa nikijibu "nailoni" kwa sababu aliyeniuzia seti ya kwanza aliniambia hivyo.

Nikaomba kiberiti. Nikang'oa unywele mmoja wa brashi mpya, nikaushika kwa kibanio cha nyusi, shangazi akawasha. Unywele ulijikunja kabla moto haujaugusa sawasawa, ukayeyuka, ukaacha kitone cheusi kwenye ncha ya kibanio. Kilipopoa nikakiweka kwenye kiganja cha bibi. Kigumu kama punje ya ulezi. Harufu ilikuwa ya mfuko wa plastiki jikoni.

"Na zile?" Alikuwa ameona za zamani kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba.

Nikang'oa mmoja. Huo haukuyeyuka. Uliwaka, ukatoa moshi mwembamba, na chumba kizima kikasikia harufu ya kuku anayebabuliwa. Kilichobaki kwenye kibanio kilisagika kati ya vidole vyangu, kikawa majivu.

Hakuna aliyesema kitu. Bibi alinirudishia brashi mpya, akasema, "Fanya na hizi." Nikafunga zipu ya ule mfuko. Moyo ulikuwa unanienda mbio, na si kwa sababu ya bibi. Nilikuwa nahesabu nyuso.

Saa 4 hadi saa 6 mchana

Kazi yenyewe. Joto lilikuwa la kuelekea mvua, feni inasukuma hewa ya moto, binti anashika kitambaa cha kufutia jasho.

Fondesheni ndipo brashi hizi ziliponishangaza. Nywele za kiwandani ni laini mwili mzima, hazinywi maji, kwa hiyo fondesheni inabaki juu juu ya nywele na inakwenda usoni. Kwa brashi za zamani nilikuwa nafinya matone manne, na mojawapo najua linaishia ndani ya brashi. Hapa nilifinya matatu, nikabaki na mabaki mgongoni mwa mkono. Nilikuwa nagonga, siburuti: pembeni mwa pua, chini ya macho, kwenye kidevu. Haikuacha michirizi. Jasho lilipotokea puani, nilifuta, nikagonga tena palepale na hapakuonekana kiraka.

Shedo nilipaka ya dhahabu na hudhurungi. Ile brashi ndogo yenye kichwa cha mviringo inachanganya vizuri kwenye mkunjo wa jicho, ingawa ncha yake ni nene mno kwa jicho dogo. Kwa kona ya ndani nilitumia ile ya mdomo.

Poda ndiyo inayotaka kujifunza upya, na hapa nisiwafiche wenzangu. Nywele za mnyama zina magamba madogo sana yasiyoonekana kwa macho, na poda inashika kwenye magamba hayo. Nailoni haina magamba. Ukichovya na kufagia kama ulivyozoea, poda yote inaanguka begani kwa bibi harusi. Nilipoona imemwagika kwenye khanga yake nilibadilisha: chovya, bonyeza kwenye kifuniko, kung'uta mara moja, kisha bonyeza usoni. Ikakaa.

Kwenye nyusi, ile ya mshazari iliniangusha. Niko katikati ya unyusi wa kushoto, kichwa kikazunguka peke yake ndani ya kibati. Sikuvuta. Nikakishika kibati kwa vidole viwili, nikamaliza hivyo hivyo, mkono ukinitetemeka kidogo. Brashi moja kati ya 12, kufuliwa mara moja tu, gundi imeshachoka. Hiyo ni kasoro halisi, na bei ndogo haiifuti. Anayenunua seti kama hii avute kila kichwa taratibu siku anapoipokea, asisubiri kujua akiwa kwenye uso wa mtu.

Wapambe wanne na mama mzazi tukawamaliza kabla ya Adhuhuri. Kati ya uso na uso binti alikuwa anafuta brashi na kupuliza spiriti ya asilimia 70. Nailoni inakauka upesi, dakika mbili tatu unaendelea. Kwa kazi ya foleni jambo hilo peke yake linatosha kunifanya nisirudi nyuma.

Saa 11 jioni

Ndoa ilifungwa baada ya Alasiri. Nilimwona bibi harusi alipotolewa barazani kwa vigelegele, amelia, amekumbatiwa na watu wasiopungua 40. Nikasogea, nikatazama pembeni mwa pua, mahali ambapo kazi mbaya huonekana kwanza. Palikuwa safi. Bibi yake akaninyoshea kidole kutoka kwenye mkeka, akatikisa kichwa mara mbili kukubali.

Saa 2 usiku

Nyumbani. Brashi zimefuliwa, zimelazwa kwenye taulo. Ile ya mshazari nimeitenga, nitaitia gundi nione.

Zile tano za zamani nimezifunga kwenye karatasi na kuandika juu yake "nywele za mnyama, hajulikani". Binti alitaka azichukue ajifunzie kwenye uso wake mwenyewe. Nikamkubalia, mradi asimguse mteja nazo. Huyo mnyama ameshakufa, kuzitupa hakumrudishi.

Kisha nikafungua daftari la kazi. Walioniuliza kuhusu brashi nawakumbuka, ni wanne, na wote niliwajibu kwa uhakika ambao sikuwa nao. Mmoja ni mama wa Shangani, mwanawe nilimpamba mwaka jana. Simu yake ilipokelewa mlio wa pili.

"Shikamoo, mama. Ni yule mpambaji. Kuna kitu uliniuliza siku ile, nikakujibu vibaya."