Mlizikwangua, au mlizitazama tu?

Harusi ya Zuhura imepita salama, pilau lilitosha. Picha nikipata bando. Leo nina la mgonjwa wangu, Bi Mkubwa wa Newala, mwenye soriasisi (ugonjwa wa ngozi kuota magamba) iliyoingia kwenye kucha na viungo, nasi tukadhani ni fangasi.

Mwezi wa tano alinyoosha mikono juu ya meza akauliza kwa upole: "Mwanangu, hizi kucha mlizikwangua mkazipima, au mlizitazama tu?"

Tulizitazama tu. Tukampa terbinafini miligramu 250 kila siku, miezi mitatu, kwa fangasi ambao hakuna aliyewaona kwenye hadubini. Hata nikipiga mswaki nalisikia swali hilo. Na kucha zenyewe zilikuwa zinasema: vishimo kama subana ya fundi cherehani, madoa ya rangi ya mafuta chini yake, ncha zimeachana na nyama. Fangasi kwa kawaida hawachimbi hivyo. Kiungo cha mwisho cha kidole kimevimba, maana kano ya kunyooshea kidole imejishikiza jirani kabisa na mzizi wa kucha, huugua pamoja. Kidole kimoja cha mguu kimejaa chote kama kimuhogo. Kipimo cha baridi yabisi kilitoka hasi, tukatulia, wakati kwa ugonjwa huu hasi ndiyo kawaida yake. Magamba ya soriasisi yalikuwa nyuma ya sikio, chini ya mtandio ambao hakuna aliyemwomba aufungue.

Tukapima damu, ini, figo, homa ya ini B na C, akaanza methotreksati, dawa ya kutuliza ugonjwa huu: vidonge sita vya miligramu 2.5, Jumatatu tu. Foliki asidi miligramu 5, Jumanne. JUMATATU niliiandika kwa herufi kubwa kwenye bahasha, kwa sababu "mara moja" watu huisoma mara moja kwa siku. Akiimeza kila siku, vidonda vya mdomo hutangulia, kisha chembe za damu zinaporomoka. Septrin, ile antibiotiki, asipewe na yeyote: ikikutana na methotreksati, uboho unaotengeneza damu unazimika. Mwanawe aliomba prednisoloni, dawa ya steroidi, nikakataa: ukiiacha, ngozi inaweza kulipuka. Kubangua korosho kapumzika, mafuta ya ganda yanachoma, na soriasisi huota palipojeruhiwa.

Jana, wiki ya kumi ya dawa, hata shikamoo yangu hakuisubiri. Kidole gumba mbele ya macho yangu: pale mzizini, ukanda laini, hauna kishimo hata kimoja. Nikachukua rula. Milimita 4. Kucha ya mkono hukua kama 3 kwa mwezi, nikamwambia asinihukumu kabla ya Novemba, na za mguu asiniulize mwaka huu.

"Marahaba," akasema. "Leo umepima."

Baba kapiga simu toka Nanyamba. Mikorosho imetoa maua, ubwiriunga, ukungu mweupe wa mikorosho, uko shamba la jirani, na salfa ya kuuzuia hajapata hata mfuko mmoja.